Maji ya bahari, samaki wa bahari, mbona wamekufa?

SWALI: Kaka habari za kazi. Mimi ni mama wa hapa Lindi mjini, nimenunua tangi la lita 120 nikasema ngoja niweke bahari sebuleni. Maji nimechota ufukweni mwenyewe, mchanga wa huko huko nikauosha vizuri bombani, samaki wanne wadogo wa rangi nikapewa na mvuvi, walinasa kwenye dema lake. Siku ya kwanza wanacheza, siku ya pili wakawa juu juu wanahema haraka, siku ya tatu asubuhi watatu wamekufa na wa nne akafuata jioni. Maji masafi kama kioo, hayanuki. Mwanangu amelia sana. Kosa liko wapi?

JIBU: Pole sana dada, na mtoto mpe pole yangu. Kosa ni kwamba tangi lilikuwa bado halina wa kula uchafu. Samaki anatoa amonia kwenye mashavu yake muda wote, baharini inapotelea kwenye maji mengi na bakteria wa kwenye mawe na mchanga wanaila, ila kwenye lita 120 inabaki palepale, na ikiwa kidogo huioni wala huinusi, ndo maana maji yalikuwa kioo huku samaki wanaungua mashavu. Tena maji ya bahari yana pH (kipimo cha ukali wa asidi kwenye maji) ya kama 8.2, na pH ikiwa juu hivyo sehemu kubwa zaidi ya amonia inakuwa ile yenye sumu.

Najua utasema si maji yametoka baharini na bakteria wake? Hawa tunaowataka wanaishi wameng'ang'ania kwenye jiwe, mchanga na sponji ya filta, kwenye ndoo ya maji unapata wachache mno. Mchanga ulikuwa nao, ila maji ya bomba yana klorini, inawaua. Mimi mwenyewe tangi langu la kwanza, nikiwa Mtwara, Shangani, niliosha sponji bombani ikawa nyeupe nikafurahi, wiki hiyohiyo nikapoteza samaki wote, mpaka leo inaniuma.

Sasa anza upya bila samaki hata mmoja. Pampu na filta vizunguke usiku na mchana, halafu nenda sokoni ununue kamba mmoja mbichi, mfunge kwenye kipande cha soksi safi umtumbukize. Baada ya siku chache atapauka na kushika utelezi mweupe kama kamasi, ukifungua mfuniko harufu inakupiga, usiogope, ndo amonia inaanza kutoka. Ikifika kama miligramu 2 kwa lita mtoe. Kipimo cha matone agiza hata Dar, hapa usibane hela kabisa, maana macho hayaoni kitu. Vingi vya amonia maji yakibaki njano haipo, yakienda kijani ipo.

Bakteria wa kwanza wataigeuza amonia kuwa nitriti, halafu kundi la pili linageuza nitriti kuwa nitrati ambayo haina ukali sana na unaipunguza kwa kubadilisha maji. Kundi la pili ndo linachelewa, hawa wadudu wanazaana taratibu, kugawanyika mara moja tu inaweza kuchukua siku nzima, kwa hiyo hesabu wiki 4 mpaka 6. Katikati hapo kioo kitashika vumbi la kahawia, ni kawaida, linapita. Siku ukiweka amonia tena na baada ya saa 24 amonia sifuri na nitriti sifuri, tangi limeiva. Badilisha nusu ya maji, weka samaki mmoja au wawili tu, subiri wiki mbili ndo uongeze, maana bakteria waliopo wanalingana na uchafu waliouzoea.

Mawe nayo nakuomba sana, usivunje matumbawe hai, ni marufuku, na kule Msimbati, Mtwara, ni ndani ya hifadhi ya bahari tangu mwaka 2000. Tafuta yale mawe ya matumbawe ya kale ya nchi kavu wanayojengea, yana vitundu vingi, bakteria wanayapenda, yasugue na uyaloweke kwanza. Na maji ya hapo Lindi angalia, Mto Lukuledi unamwaga kwenye ghuba yenu, kipindi cha mvua chumvi inashuka, chota bahari ikijaa, mbali na mdomo wa mto, haidromita (kile kipimo cha chumvi ya maji) isome kama 1.025.

SWALI: Niko Mikindani, joto hili maji ya tangi yanapungua kila siku, naongezea ya bahari. Sawa?

JIBU: Hapana ndugu yangu, acha leo. Kinachopanda hewani ni maji peke yake, chumvi inabaki, ukiongeza ya bahari kila siku chumvi inapanda mpaka samaki wanashindwa. Piga alama kwenye kioo kwa makapeni, maji yakishuka ongeza yasiyo na chumvi, ya mvua safi au ya bomba uliyoweka dawa ya kuondoa klorini. Ya bahari tumia siku ya kubadilisha tu.