Daftari la mwenyekiti lisiwe orodha yenu ya sampuli

Wadogo zangu mnaoanza utafiti, mapendekezo yenu yamefika, na sura ya tatu inasema tena "wahojiwa watachaguliwa kwa nasibu", basi. Kwa nasibu vipi? Kutoka orodha ipi?

1. Orodha kwanza. Kazi nyingi huharibikia hapa. Mnamsalimia mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji hapa Uganda, anatoa daftari la wakazi, mnalipiga picha kwa simu na safari imekwisha. Jamani, ulizeni liliandikwa lini na kwa ajili gani! Kama ni la ugawaji wa vyandarua, lina kaya za wakati ule tu. Kwenye mitaa ya Kampala kama Bwaise au Katanga, mizigo kumi, vile vyumba vya kupanga vilivyo nyuma ya nyumba, yaweza kuandikwa kwa jina la mwenye nyumba peke yake. Wapangaji hawamo, wala vijana wa boda wanaolala watatu chumba kimoja. Mkichota humo, mnapima maisha ya wenye nyumba, na hata mkiongeza wahojiwa elfu moja, kasoro inabaki palepale, maana aliyekosa kwenye orodha hana nafasi yoyote ya kuchaguliwa.

Mwombeni mwenyekiti awaonyeshe mipaka. Choreni ramani, piteni mlango kwa mlango, na kila mlango muulize nani wanalala hapo na kula chungu kimoja. Hao ndio kaya, wapeni namba. Mkipata kaya 180 na mnataka 12, mtaruka kwa 15 (180 kugawanya kwa 12). Chagueni kwa nasibu namba moja kati ya 1 na 15. Ikitoka 7, nendeni ya 7, 22, 37, hadi 172. Mwenyekiti asiwachagulie nyumba hata moja. Kwa wema wake atawapeleka kwa wanaojua kuongea na wageni.

2. Wale wahojiwa 384 mnaowatoa kwenye jedwali la Krejcie na Morgan, la kukadiria ukubwa wa sampuli, wanadhaniwa kila mmoja amechotwa peke yake. Ninyi mnachota vijiji kwanza, na majirani hufanana. Mkihoji 20 kila kijiji, na kipimo cha mfanano wa majirani kikiwa 0.05, zidisheni kwa 1.95 (yaani 1 + 19 × 0.05): mnahitaji kama 749. Afadhali vijiji vingi, watu wachache kila kijiji.

3. Mlango umefungwa? Rudini mara tatu, mara moja iwe jioni na mara moja Jumapili. Msihamie kwa jirani. Mchana mtawakuta wazee na mama wenye watoto wachanga. Mwenye boda yuko steji, mchuuzi yuko soko la Owino.

4. Ndani ya kaya tumieni jedwali la Kish, linalowaonyesha mtu mzima yupi wa kaya ahojiwe; msimhoji tu aliyefungua mlango.

5. Wahojiwa wa mahojiano ya kina huchaguliwa kwa kusudi, na hilo si aibu. Andikeni vigezo kabla ya kwenda. Mkitumia mnyororo, yaani mhojiwa kuwaelekeza kwa mwingine, anzeni na watu wanne au watano wasiofahamiana, la sivyo mtahoji marafiki wa mtu mmoja. Na mhojiwa asiwape simu ya mwenzake: ampe mwenzake simu yenu, aamue mwenyewe kupiga.