Sakafu ya kunyanyua au zege? Jibu kwa mwenye chumba cha raki sita Unguja

Umesema chumba chako cha seva kina mita 5 kwa 6, kipo chini kabisa, dari mita 3, raki 6 (makabati ya kupangia seva) za kimo cha 42U, na fundi anang'ang'ania sakafu ya kunyanyua, yaani vigae vinavyokaa juu ya nguzo, na uwazi chini yake. Mwambie apige hesabu mbele yako. Akiacha uwazi wa sentimita 60 wa kupitisha hewa baridi, juu zinabaki mita 2.4. Raki peke yake ina kama mita 2. Hizo sentimita 40 zipitishe hewa ya moto, zibebe trei za nyaya na taa? Na njia ya kupandishia raki, kwa mteremko wa 1 kwa 12, inataka mita 7.2. Chumba chenyewe hakifiki huko.

Baki na zege. Nyaya zipite juu, umeme trei yake na data trei yake. Raki zote safu moja, mita 3.6, na nafasi zilizo tupu ndani yake zizibwe kwa bamba, la sivyo hewa ya moto hurudi mbele na seva zinavuta joto lao wenyewe. Kiyoyozi kisikae juu ya raki hata kidogo. Bomba la maji yake likiziba, yatadondokea kwenye seva.

Lakini zege nalo si la kuamini hivi hivi, khasa wakati wa masika. Kata nailoni, nusu mita kwa nusu mita, bandika kingo zote kwa tepu, iache saa 16 kwa uchache. Ukiinua ukakuta matone, au zege limekoza rangi, usipake epoksi (rangi ngumu ya sakafu) bado: itavimba na kubanduka kama ganda. Tibu unyevu kwanza. Likiwa kavu, lipake. Zege tupu hutoa vumbi, na vumbi huishia kwenye feni.

Ukiwa huna budi kunyanyua, kataa vigae vyenye mbao ndani, maana kwa unyevu wetu huu vitafura. Nguzo zake ziungwe na waya wa ethi. Kila tundu la waya lizibwe, hewa isivujie nyuma ya raki (na panya wasipate mlango). Raki iliyojaa huweza kufika kilo 1,000. Siku ya kuisukuma tandika plaiwudi ya milimita 18 njia nzima, maana gurudumu moja likikanyaga ukingo wa kigae linaweza kukipinda.

Kwa ghorofa za juu za Mji Mkongwe, zile za boriti na chokaa, muite mhandisi wa majengo kabla hujanunua hata raki moja.