Alikubali mwenyewe kusafiri, je akiripoti atashtakiwa?

Kaka wa Lamu ameuliza kuhusu mpwa wake: alitafutiwa kazi Uarabuni, wakala kamshikia pasipoti, na binti anaogopa kwenda polisi kwa kuwa mkataba alitia sahihi mwenyewe.

Kaka, mpeleke. Nasema hivyo kwa yaliyotupata hapa Malindi.

Mdogo wangu naye alitia sahihi. Aliambiwa ni kazi ya dukani. Mkataba ulikuwa Kiarabu kitupu, na yeye kasoma chuo cha Kurani tangu utotoni, basi akaketi kitandani akatusomea wote kwa sauti, herufi zote anazijua, ila maana yake hajui hata ya mstari mmoja. Mama alifurahi kumsikia. Kesho yake tukampelekea maalim wake. Akasoma kimya, akarudia mwanzo, akavua miwani. Ni utumishi wa nyumbani, miaka 2, mshahara nusu ya ule wa mdomoni.

Kituoni afisa wa kwanza alituuliza, "Si alikubali mwenyewe?" Nusura turudi nyumbani. Neno hilo limewafunga midomo wasichana wengi sana, na si kweli! Sheria ya Kenya ya 2010 dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu inasema kukubali kwako si hoja ikiwa ulidanganywa au ulilazimishwa. Mtoto wa chini ya miaka 18, hata udanganyifu haulazimu kuthibitishwa. Wala mwathiriwa hahukumiwi kwa kosa lililotokana moja kwa moja na kusafirishwa kwake. Wa kuogopa ni msafirishaji: kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Sheria hiyo ndiyo iliyoanzisha pia mfuko wa kuwasaidia waathiriwa.

Afisa wa pili alitusikiliza, akafuatana nasi hadi kwa wakala. Yule bwana akafungua mtoto wa meza, akatoa fungu la pasipoti lililofungwa kwa mpira, akaichomoa ya mdogo wangu. Zile nyingine afisa akazichukua pia. Wenyewe sikuwajua, ila huwawaza mpaka leo.

Jina la wakala wako liulizie Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, ndiyo inayowasajili. Binti akiwa hajatimiza miaka 18, piga 116, simu ya msaada kwa watoto, haina malipo. Na mwambie asifute meseji hata moja ya yule wakala, hasa za pesa alizotuma.