Pa kushushia kayaki Kikuletwa: zege laini au la mistari?

SWALI: Shikamoo dada, sisi vijana wa Moshi tuna kayaki mbili (vile vimtumbwi vyembamba vya kasia), mtumbwi na rafti ya kupuliza, tunataka tutengeneze sehemu ndogo ya kushushia Mto Kikuletwa. Fundi anasema amwage zege aliskimu liwe laini kabisa. Ni sawa?

JIBU: Marahaba wadogo zangu. Laini hapana jamani, zege likikaa majini linaota ule utando wa kijani, hapo mtu amebeba kayaki begani anaenda chini na kichwa. Zege likiwa bado bichi fundi apitishe ufagio mgumu avute mistari ya kukatiza mteremko, miguu ipate pa kushika, na kila mita 8 ishuke mita 1 hivi, isizidi. Msijenge kona ya nje ya mto maana maji yanakula kingo, kona ya ndani nako tope linajaa, tafuteni palipo nyooka na njia ilalie kidogo kule maji yanakoenda, mkondo usije ukawageuza pua. Juu acheni uwanja wa kupulizia rafti.

Ila kabla ya mfuko hata mmoja wa simenti, sheria ya mazingira ya 2004 inabana shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za mto, kwa hiyo anzieni ofisi ya maji ya Bonde la Pangani, iko hapo hapo Moshi. Na mamba wapo mto ule, waulizeni wavuvi mamba hao huota jua wapi, nawaomba sana.