Apu inakwama bei ikishuka, seva zao nitazijuaje?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mi nanunua bitkoini kidogo kidogo, sasa juzi bei ikaanza kuporomoka nikataka kuuza, apu kaduara kanazunguka tu, nalogini inanitupa nje, kuja kurudi bei ishafika chini huko na wao wanasema ni hitilafu ndogo. Nataka kuhama ila wote wanatangaza seva zao ziko hewani asilimia 99.9. Mkweli nitamjuaje?

JIBU: Pole sana ndugu yangu, inauma kwa kweli. Hiyo 99.9 kwanza ipigie hesabu, mwaka una masaa 8,760, asilimia 0.1 yake ni karibu masaa 9, yani wanaweza kuzimika masaa yote hayo na tangazo lao likabaki sahihi kabisa! Na mara nyingi yanakuja siku soko limechafuka, watu wote wanaingia kwa pamoja.

Kwahiyo majukwaa makubwa mengi ya kununua na kuuza bitkoini yana ukurasa wa hali ya huduma, ufungue ila usiangalie kijani cha leo (yani huduma iko sawa), rudi nyuma mpaka siku bei zilipoanguka uone waliandika nini. BitMEX, jukwaa mojawapo, walizimika tarehe 13 Machi 2020 katikati ya mporomoko, baadae wakaeleza kuwa seva zilishambuliwa kwa maombi feki. Wewe tafuta maelezo ya namna hiyo, saa ngapi, nini kiliharibika, wamebadilisha nini. Anayeishia kwenye "hitilafu ndogo" mimi simuamini.

Uliza pia seva ziko wapi. 20 Oktoba 2025 data senta za Amazon za Virginia, Marekani zilipata shida ya DNS (mfumo unaotafuta anwani za seva) na Coinbase, jukwaa linalotumia seva hizo, nao wakakwama, so kama kila kitu kimewekwa eneo moja, hilo eneo likilala na wewe umelala. Waandikie huduma kwa wateja uwaulize eneo likizima mzigo unahamia wapi.

Alafu kuna hili ambalo naliona kubwa kuliko yote, apu kufunguka sio ushahidi kwamba hela ipo. Majukwaa mawili, Mt. Gox Februari 2014 walianza kwa kusimamisha wateja kutoa hela, FTX Novemba 2022 hivohivo, na wote ndani ya wiki chache wakafilisika. Jaribu kutoa kiasi kidogo, tena siku soko limechafuka, andika saa uliyobonyeza, andika saa walipokupa namba ya muamala, kaitafute hiyo namba kwenye mtandao wa bitkoini wenyewe uone kama kweli hela imeingia kwenye pochi yako (unapotunza bitkoini mwenyewe nje ya jukwaa). Ikikaa "inashughulikiwa" siku nzima bila sababu, hapo usiongeze hata senti.

Oda ya kukata hasara (yani agizo la kuuza lenyewe bei ikishuka mpaka uliyopanga) iweke mapema, inakaa kwenye seva yao kwahiyo apu ikigoma yenyewe inaweza kufanya kazi, ila mfumo wao wenyewe wa kuuza ukizima haikusaidii. Na akaunti ya zamani usiifunge mpaka salio lote umeliona limefika upande wa pili.