Ganda Safi, Kiini Kibovu: Alizeti ya Kutafuna na Kunguni Wake

Msomaji anayelima alizeti ya kutafuna huko North Dakota, Marekani, ameniandikia kwa uchungu: mzigo wake umekataliwa kiwandani kwa madoa ya kahawia, ilhali shambani vichwa vyote vilikuwa safi. Pole sana, ndugu. Ganda ndilo lililokudanganya.

Mharibifu ni Lygus lineolaris, kunguni wa mimea wa milimita 5 hadi 6, kahawia mwenye mabaka, na alama ya njano kama V mgongoni. Punje ikiwa changa, ganda bado laini, huichoma kwa mdomo wake wa sindano na kumimina mate yanayoyeyusha kiini. Ganda hukomaa likiwa zima. Ndani hubaki doa, chungu mdomoni.

Kunguni mmoja mzima huharibu punje kama 36. Kiwanda huvumilia takriban asilimia 0.5 ya punje zenye doa. Vichwa 9 vyenye punje 800 kila kimoja ni punje 7,200, na nusu asilimia yake ni hizo hizo 36. Yaani kunguni mmoja kwa vichwa 9 anatosha kukukosesha soko!

Basi hesabu kunguni, usingoje madoa. Ingia shambani asubuhi, kabla jua halijawachangamsha, maua yakikaribia kuchanua. Chagua sehemu 5, vichwa 5 kila sehemu. Inamisha kichwa juu ya ndoo nyeupe, kigonge, kisha panua kwa vidole yale majani ya kijani yanayokishika kwa nyuma. Humo ndimo wanamojibanza. Ukipata 3 katika vichwa 25, kikomo cha kupuliza dawa kimefika. Anzia upande unaopakana na lusaini, majani ya kulishia mifugo: ikikatwa tu, wanahamia kwako.

Kosa kubwa ni kupuliza mara moja, tena kwa kuchelewa. Vijiua vya kichwa hufunguka kuanzia ukingoni kuelekea katikati. Chavua ikitoka kwenye ule mviringo wa nje tu, kama asilimia 10 ya kichwa, ndipo upulize. Rudia baada ya siku 7. Fuata kipimo cha kwenye kibandiko, na upulize jioni nyuki wakisharudi mzingani, maana hao ndio wanaokujazia punje. Kichwa kikimaliza kuchanua, weka bomba chini. Dawa haikuokolei tena kitu.

Na kama alizeti yako ni ya kukamua mafuta, usimpulizie kunguni huyu kabisa. Doa hilo halishushi bei yake.