Jibu: Maandishi mapya ya imani na mazingira, kwa kikundi cha Dodoma

Mkuu, umeuliza kikundi chenu hapo Area C, Wakristo na Waislamu mchanganyiko, kianze na kipi kipya kuhusu imani na mazingira. Anzeni na Laudate Deum, waraka wa Papa Fransisko kuhusu tabianchi, wa Oktoba 2023. Una aya 73 tu. Laudato Si', waraka wake wa 2015 kuhusu mazingira, una 246, mtachoka njiani. Usomeni sambamba na Al-Mizan, tamko la Kiislamu la 2024, linalojengwa juu ya ile mizani ya Surat Ar-Rahman: mwanadamu ni khalifa, mwangalizi, si mwenye mali. Papa Fransisko naye anahitimisha waraka kwa kumwonya binadamu anayejiweka mahali pa Mungu. Hapo mjadala utakolea.

The Serviceberry, kitabu cha Robin Wall Kimmerer (2024) kinachoanzia kwenye tunda la mtini, ni chembamba na kitamu, japo cha Kiingereza. Mtakisoma mkiwaza ubuyu wetu. Sacred Nature, kitabu cha Karen Armstrong (2022), kinagusa dini nyingi mno, kisubiri.

Mkipata nauli, nendeni Kondoa mkaone michoro ya kale ya miambani ya Mongomi wa Kolo. Imo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2006, na wenyeji bado hupanda pale kutambika na kuomba mvua. Baadhi ya wenzenu watanuna. Waacheni waseme.